Mkono Ambao Sellah Hakuutoa

Ukungu wa Mlima Elgon bado haujapanda, na Sellah Nanyama tayari amepiga magoti katikati ya stoo tupu ya mahindi mjini Kitale. Ameinama hadi shavu linakaribia simiti. Jicho moja amelifumba. Anatafuta punje.

"Haka hapa," anasema, akiichokonoa kwenye ufa kwa ukucha. "Kadogo hivi, na kanaweza kukuaibisha mbele ya watu wote."

Anaitia mfukoni mwa aproni, anainuka akijishika kiuno, kisha anachukua gunia lililolowa maji na kuliburuta kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma yake sakafu inabaki ikimeta kama sahani iliyooshwa.

Sellah ana miaka arobaini na saba. Ni mjane, mama wa binti mmoja, na kibarua wa stoo hii tangu binti huyo akiwa wa kubebwa mgongoni. Msimu wa mavuno anapepeta mahindi na kushona magunia kwa shilingi mia nne kwa siku. Stoo ikiwa tupu, kama sasa, anabaki kuifagia na kuwafukuza panya kwa nusu ya hizo. Chumba chake cha mabati kule mtaani Kipsongo hakijui habari za msimu. Kodi ni ile ile.

Leo lakini hafagii kwa ajili ya mahindi. Wanakuja wachezaji wanne kufanya mazoezi yao ya mwisho kabla ya kupanda basi la Nairobi. Sellah ndiye aliyekuwa nahodha wao. Ndiye aliyewashindia nafasi ya kwenda. Na yeye haendi.

Mchezo wenyewe unaitwa kerling. Katika nchi za baridi huchezwa juu ya barafu. Watu husukuma mawe mazito ya mviringo, yakateleza hadi kwenye duara lililochorwa mbali, na jiwe lililokaa karibu zaidi na kitovu ndilo linalohesabiwa. Kitale kuna baridi ya kukuvalisha sweta mbili, ila barafu hakuna. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa michezo alipoleta mawe yaliyofungwa gololi chini, yanayotembea juu ya sakafu laini, swali likawa ni wapi sakafu kama hiyo itapatikana. Ikapatikana hapa stoo, katika miezi ile ambayo mahindi ya zamani yameuzwa na mapya bado yako shambani.

Sellah aliingia mchezoni akiwa na ufagio mkononi. Aliambiwa asogee, yuko njiani. Akasimama ukutani akatazama, kisha akauliza kama hata yeye anaweza kusukuma moja.

"Lilienda likagonga ukuta pale!" anasema, akicheka hadi mabega yanatikisika. "Wakanicheka vibaya. Nikasema haya, chekeni, si kesho pia nitakuwa hapa?"

Kesho akawepo, na kesho kutwa. Misimu mitatu baadaye wenzake walimchagua nahodha, kwa sababu, wanasema, hapandwi na hasira na hachoki kufundisha. Mazoezi yake huanza kwa kitendawili, na asubuhi hii wachezaji hawajavua hata makoti.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mtoto wangu nimemtuma mwenyewe. Akishaniacha mkono, hata akipotea simwiti tena."

"Jiwe!" wanajibu kwa pamoja, maana wamekisikia mara nyingi. Kipkemei peke yake hajibu. Ni mkulima kijana kutoka Saboti, zamani naibu wa Sellah na sasa nahodha mahali pake. Anaangalia viatu vyake.

Kilichomnyima Sellah safari kilianzia mbali na stoo. Kilianzia Myanga, kaunti ya Bungoma, kwenye boma aliloolewa, siku za Pasaka. Bintiye Emmy, fundi wa kushona nguo, alileta wageni. Wazee wa upande wa pili walikuja kuzungumza habari za mahari. Bwana harusi mtarajiwa alikuwa Kizito Mukhwana, karani wa ofisi moja ya serikali mjini Bungoma, kijana mrefu mwenye sauti ya chini. Huyo huyo alikuwa nahodha wa timu ya kerling ya Bungoma.

Sellah alimfahamu vizuri. Walikuwa wamecheza, wametaniana, wamepeana mikono mara nyingi. Siku ile yote yakakoma. Kwa mila yao, mama mkwe na mkwe hawashikani mikono. Hawaketi chumba kimoja, hawali meza moja, hawaitani majina. Wakikutana njiani, mmoja anapinda. Siku ya kufunguliana huja baadaye, ndoa ikishatulia, wazee wakiwa wameketi na mkwe amemletea mama blanketi. Kabla ya hapo, anayegusa mkono amevunja heshima, na huaminika kwamba watakaoona ubaya wake ni watoto watakaozaliwa.

"Watu wa mjini wanasema ati ni mambo ya zamani," anasema Sellah. "Mimi nilimwangalia Emmy siku hiyo, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, nikajua sitakuwa mimi wa kumharibia."

Kerling haikumjia mtu yeyote akilini siku hiyo.

Ikawajia mwezi wa saba, Kitale na Bungoma zilipofika fainali ya kanda. Mshindi mmoja tu ndiye angekwenda Nairobi kwenye mchujo wa kuchagua timu ya taifa, juu ya barafu ya kweli. Fainali ikapangwa kuchezwa hapa hapa stoo.

Sasa ugumu ulikuwa huu. Katika kerling manahodha wote wawili husimama penye duara, karibu karibu, wakiwaelekeza wenzao walio ng'ambo ya pili. Sellah alijifunga leso kichwani ikashuka hadi kwenye nyusi. Kizito akija upande huu, yeye alihamia ule. Mara moja walijikuta wanakaribia kugongana kwenye kona ya magunia, na Kizito akageuka kwa haraka hadi akatumbukiza mguu kwenye ndoo ya maji.

"Mkwe, rudi nyuma! Ng'ombe bado hazijafika!" mtu alipaza sauti kutoka mlangoni.

"Mathe, jifunike, anakuja!" vijana wa Kipsongo wakaitikia, wakipiga miluzi.

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kicheko kilipungua kadiri mechi ilivyokaza. Mwishoni timu zilikuwa sare. Jiwe la Sellah lilikuwa limetulia ndani kabisa ya duara, na Kizito alibakiza moja, la mwisho la mechi yote. Akiling'oa lile la Sellah, Bungoma wanakwenda Nairobi.

Alilisukuma vizuri. Waliokuwepo wanasema hawakusikia hata kikohozi, ni gololi tu zikinguruma juu ya simiti. Jiwe likaja, likakaribia, likapita. Upenyo uliobaki kati ya mawe mawili ungeweza kupitisha kidole kimoja tu.

Kitale wakaruka juu. Magunia yakarushwa. Kisha, mmoja baada ya mwingine, watu wakageuka kuwatazama manahodha.

Kerling haina refa wa kupuliza filimbi. Wachezaji hujihukumu wenyewe, na mechi haimaliziki mpaka nahodha aliyeshindwa ampe mkono aliyeshinda. Kanuni za chama cha kanda zimeliweka hilo bila kuzunguka: manahodha wasipopeana mikono, hakuna matokeo.

Kizito alisogea kidogo, akasimama. Akaweka mikono nyuma. Sellah akampa mgongo, akainama kufunga kamba ya raba ambayo haikuwa imefunguka. Hapo Kizito akamgeukia Kipkemei, akamshika mkono na kuutikisa kwa nguvu ili kila mtu aone.

"Hiyo haitoshi," alisema Gathogo, katibu wa chama. Ni mfanyabiashara wa Kitale, mtu wa kanuni, anayeutumikia mchezo huu bila malipo. "Nataka manahodha."

"Si unaona ni mkwe wake, bana?" Kipkemei akasema.

"Naona manahodha wawili." Kisha akalainisha sauti. "Mama Emmy, ni mkono tu. Sekunde moja, tuandike, kila mtu aende kwake."

"Mzee," Sellah akamjibu bila kugeuka, "hiyo sekunde moja nitaishi nayo mpaka nife."

Gathogo hakuandika chochote. Alitangaza kwamba mechi haijaisha na kamati itaketi Bungoma kuamua. Nairobi walitaka jina la timu kabla ya mwisho wa mwezi. Matokeo yakikosekana, nafasi ingepewa timu yenye pointi nyingi za msimu. Timu hiyo ilikuwa Bungoma.

Zikafuata siku ngumu. Wachezaji wake walimfuata hadi Kipsongo, wakajaa chumbani, wengine wakakaa kitandani.

"Mathe, mimi niliacha palizi nikaja kucheza," Kipkemei alimwambia. "Ni mkono! Shika, halafu uende uoshe na sabuni."

"Kipkemei, na wewe kwenu, mama ya bibi yako ungemrukia tu hivyo?"

"Kwetu hakuna anayecheza kerling," Kipkemei akajibu, na hata yeye mwenyewe, anasema leo, alijua hilo halikuwa jibu.

Emmy alipiga simu akilia. "Mama, mpe tu. Mimi nimekubali."

"Wewe sio wa kukubali," Sellah akamwambia. "Wewe ndiye tunakulinda."

Bungoma nako mambo yalichemka. Wachezaji walimwambia Kizito jambo moja tu: akae kimya. Hakuhitaji kudanganya wala kumsema mama mkwe vibaya. Angefunga mdomo tu mbele ya kamati, na basi la Nairobi lingekuwa lao.

Siku ya kikao ilinyesha tangu asubuhi. Watu walikusanyika katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa mjini Bungoma, kamati ya watano mbele, timu mbili kwenye mabenchi. Kizito hakuingia, kwa sababu Sellah alikuwa ndani. Alisimama barazani chini ya dirisha, akiegemea ukuta, ili asikie na asikike bila kuonekana uso.

Mwenyekiti, Phelista, muuguzi mstaafu, alizungumza polepole.

"Mama Emmy, hata mimi ni mama mkwe. Sihitaji kufundishwa. Lakini nikikuachia wewe leo, kesho mwingine atakuja na sababu yake, na keshokutwa hatutakuwa na kanuni, tutakuwa na kelele. Toa mkono hapa dirishani. Hamtaonana. Ukitoa, Kitale inakwenda na wewe ukiwa nahodha. Usipotoa, siwezi kukuahidi kitu."

Gathogo akainuka akalifungua dirisha vizuri. Mkono wa Kizito ulikuwa umeshika ukingo wake kwa nje, na Sellah aliona vidole vinne vilivyolowa mvua, karibu sana na bega lake. Angenyoosha tu. Wenzake walimkodolea macho. Mmoja alikuwa akinong'ona, "Mathe, tafadhali, mathe." Nje bodaboda ilinguruma ikazimika.

"Jasho lilinitoka mgongoni, na kulikuwa na baridi," anakumbuka. "Nilikuwa naitaka Nairobi, usifikiri sikuitaka. Nilikuwa nimeshaota nimesimama kwenye hiyo barafu. Nikaona mkono wangu unaanza kuinuka wenyewe, wallahi. Nikaukalia."

Ndivyo ilivyokuwa. Aliiweka mikono yote miwili chini ya mapaja, mbele ya kamati, akaikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa sukari.

"Andikeni Bungoma," alisema.

Benchi la Kitale likaguna kwa uchungu. Gathogo alikuwa amekwisha kushika kalamu pale sauti ilipotoka dirishani.

"Msiandike."

Wachezaji wa Bungoma wakasimama. "Kizito, nyamaza!"

"Jiwe langu lilipita," sauti ikaendelea, ya chini kama kawaida yake. "Stoo nzima iliona. Nilishindwa, na mkono nilimpa naibu wao kwa sababu ndiye niliyeweza kumpa. Mkiandika Bungoma, tafuteni nahodha mwingine. Mimi siwezi kupanda basi na nafasi ya yule mama."

"Unatuuza kwa sababu ya mwanamke!" mmoja akafoka.

"Nasema nilichoona," akajibu.

Kamati ikatoka kwenda chumba cha pili. Kupitia ukuta wa mbao watu walisikia sauti zikipanda na kushuka, ya Gathogo, ya Phelista, tena ya Gathogo. Waliporudi walikuwa wamegawanyika, watatu kwa wawili. Phelista akasoma uamuzi akiwa amesimama. Kwa kuwa nahodha aliyeshindwa amekiri mbele ya kamati, ushindi wa Kitale umeandikwa. Na kwa kuwa nahodha aliyeshinda alikataa kutimiza kanuni, mara ya kwanza uwanjani na mara ya pili mbele ya kamati, amefungiwa mashindano yanayofuata.

Mashindano yanayofuata ni Nairobi.

"Nilisema asante, nikatoka," Sellah anasimulia. "Nilitembea vizuri mpaka karibu na stendi. Nikakaa kwenye ngazi ya duka la mtu nikalia. Ilinibana pande zote mbili. Nimekosa safari, sawa. Lakini kuna mtu amejitoa kwa ajili yangu, na siruhusiwi hata kumwambia asante."

Jumatatu iliyofuata Bungoma walimvua Kizito unahodha.

Gathogo hakatai kuzungumzia kisa hiki. Anakaa nyuma ya kaunta ya duka lake, anavua miwani, anaifuta kwa muda mrefu. "Watu wanafikiri nilifurahi," anasema. "Mimi sikuziandika hizo kanuni. Nilizikuta. Nikiziachia kwa mtu ninayempenda, nitawaambia nini nisiowapenda? Zinabadilishwa kwenye mkutano mkuu, kwa kura. Nilimwambia hivyo yeye mwenyewe."

Pengine alisema hivyo ili kumaliza maneno. Kwa Sellah, maneno ndipo yalipoanza.

Mkutano mkuu utafanyika Bungoma mwezi wa kumi na mbili, na kiti kimoja cha kamati kitakuwa wazi. Kila klabu ina kura moja. Sellah ameamua kukigombea. Anataka kanuni iseme kwamba nahodha asiyeweza kutoa mkono, kwa mila, kwa ugonjwa au kwa bandeji, naibu wake autoe. Anataka pia fainali za kanda zichezwe kwa zamu, Kitale na Bungoma, maana hata yeye anakiri kwamba kucheza kwenye sakafu anayoifagia mwenyewe si haki sana kwa mgeni.

Si wote wanaofurahi. Baadhi wanauliza kibarua aliyeachia shule darasa la saba atasema nini mbele ya watu wenye ofisi. Wengine wanahofia kwamba kanuni ikishapasuliwa mlango mdogo, kila aliyekasirika na mwenzake atapitia hapo hapo kukwepa mkono.

"Hilo la pili wana haki ya kuliogopa," anasema. "Ndiyo maana nataka kuwa ndani, tuliandike pamoja polepole. Hilo la kwanza, waulize kama wenye ofisi walipata jibu."

Siku hizi ana kitendawili kipya, na anawategea wachezaji kabla hawajaanza kupanga mawe.

"Ninao wawili, nawalisha pamoja, nawavisha pamoja. Siku ya tamaa niliwakalia."

Wanajibu, "Mikono!" na safari hii hata Kipkemei anacheka. Kisha anasogea karibu na nahodha wake wa zamani, anashusha sauti.

"Mathe, pole."

"Pole ya nini? Mimi nimebaki na sakafu yangu. Wewe ndiye unaenda kusimama kwenye kitu kinayeyuka." Anamshika kiwiko na kumrekebisha jinsi anavyoshika fimbo ya kusukumia. "Usiharakishe. Barafu nimesikia haina huruma kama simiti. Na ukifika, uniambie ina harufu gani. Hakuna mtu amewahi kuniambia ina harufu gani."

Mazoezi yanakwenda hadi jua linaingia mlangoni. Sellah anasimama ukutani, hachezi, midomo yake ikisogea na kila jiwe. Moja linapokaa penyewe, anapiga kofi moja tu. Hana uhakika na kura. Klabu tatu zimemwahidi, mbili hazijibu simu, na bila Bungoma hesabu haimtoshi. Bungoma bado wana hasira.

Simu inaita. Ni Emmy. Sellah anaweka sauti kubwa kwa sababu mikono imelowa.

"Mama, kuna mtu hapa amesema nikuambie kitu."

"Mwambie nasikiliza."

"Amesema jana alienda kwa timu wakamfukuza. Leo amerudi tena. Wamekubali kukaa naye Jumapili wasikie unataka kubadilisha nini. Amesema usikate tamaa, hatarudi bila kura yao."

Sellah anafuta uso kwa ncha ya leso. Wachezaji wanaacha mawe yalipo.

"Mwambie asante," anasema. "Mwambie tena asante, hiyo ya pili ni ya siku ile ya mvua. Halafu umwambie hivi: mwaka ujao nitarudi uwanjani, na yeye watamrudishia unahodha wake. Ajiandae. Sitamhurumia ati kwa sababu ni mkwe."

Kutoka upande wa pili wa simu kinasikika kicheko cha mwanamume, cha chini, karibu sana na kinywa cha simu. Sellah anashtuka, anaifunika haraka kwa kiganja kama mtu aliyekutwa akivaa, na huku ameifunika hivyo, na yeye anacheka.